Dubu wa Mkunga

Hospitalini, ndugu wa wagonjwa hutawanyika wakisikia tu viatu vya mkunga huyu mkali. Nyumbani, kila Jumamosi asubuhi, huketi mbele ya kompyuta kucheza mchezo wa mapigano, akabonyeza kitufe cha filimbi ya uchawi, na dubu mkubwa wa bluu akachomoza katikati ya moshi. "Karibu, baba. Pole na safari," humwambia. Kazi ya dubu ni kumpigania, ila maadui wakitokea mkunga humrudisha alikotoka, kisha akawavaa mwenyewe na fimbo. Hufa mchezoni mara sita kabla ya chakula cha mchana.

"Mama watoto, mtume dubu!" mumewe humsihi kutoka kwenye kochi.

"Nimtume akaumie?"

Juzi, mlangoni pa pango la jitu, mkunga alipiga chafya na kidole kikagonga filimbi. Dubu akatokea, akalilaza jitu chali kwa kofi moja. Mumewe akaruka, chai ikamwagika. "Umeshinda! Fungua sanduku la hazina!"

Mkunga alikuwa amesogeza uso hadi kwenye kioo. "Amechubuka begani."

"Wewe mwenyewe una sumu ya nyoka mwilini! Dawa imebaki chupa moja, kunywa!"

Vidole vyake, vilivyozoea kupokea vichwa vidogo vyenye utelezi, vikaipeleka ile chupa taratibu kwa dubu. Jeraha likaziba. Sumu ikamwangusha yeye, hatua mbili tu kutoka kwenye sanduku. Mumewe akajishika kichwa, akapiga ukelele.

"Punguza sauti," mkunga akamwambia. "Mgonjwa amelala."