Chuma cha Uani kwa Asmahani

Asmahani binti Mselem alikuwa mwanamke wa kuvumilia mengi, lakini siku aliyofunua sufuria yake ya pilau akakuta cheni ya pikipiki inachemka ndani ya grisi, alikaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi akashika tama.

"Baba Sabiha," alisema, "sufuria hii nilipewa na mama yangu nilipoolewa."

"Nitaisugua kwa majivu."

"Utaisugua na harufu?"

Sadalla, mumewe, aliinamia sufuria. Alikuwa anaigeuza cheni kwa mwiko, pole pole, kama mtu anayeangalia mchuzi usikatike. Na mwiko nao ulikuwa wa Asmahani.

Nyumba yao ilikuwa Makorora, nyumba ya udongo na makuti yenye uani mpana, na uani wa nyumba ya watu waliolelewa ni mahali pa wanawake. Hapo ndipo pa kupika, pa kusukana, pa kukaa bila ushungi ukasema lililo moyoni. Lakini tangu mwaka wa hamsini na tatu, katikati ya uani ule kulikuwa na pikipiki. Kubwa, nzito, ya safari ndefu, yenye masanduku mawili ya chuma ubavuni. Ilikuwa ya mzungu mmoja mpima ardhi aliyekaa Raskazone, naye aliipanda akazunguka nayo nchi mpaka akaichoka, akaiacha bandani hewa ya bahari iile. Sadalla alikuwa fundi kwenye karakana ya reli. Akaiona, akaitaka, na ili aipate akauza fungu lake la minazi aliyowaachia marehemu baba yao.

Hapo ndipo fitina ilipoingia. Kaka yake Zubeiri, aliyehamia Maramba kulima, alikuja mjini mbio. Alisimama uani, akaitazama ile pikipiki isiyo na magurudumu imelala juu ya magogo, akasema mbele ya Asmahani na mbele ya majirani: "Minazi ya baba umeibadilisha kwa maiti ya chuma? Wallahi, chuma hiki kikilala hapa, mguu wangu haukanyagi kizingiti chako." Akaondoka hata maji hakunywa.

Watu wenye elimu walimwambia baadaye kwamba kiapo kina kafara, alishe masikini aje amwone mdogo wake. Akajibu, "Mimi sikuapa ili nije kukivunja kiapo changu." Miaka mitatu ikapita.

Na miaka hiyo mitatu Sadalla alikuwa akirudi kazini, akila, akisali, kisha anachutama mbele ya chuma chake. Alifungua injini akaiosha kwa mafuta ya taa. Alikaza spoksi moja moja huku anazigonga asikilize mlio. Plagi aliisugua kwa msasa akaibusu, Asmahani alimwona kwa macho yake. Rafiki zake walipotaka kuja kuitazama, wanawake ilibidi wakimbilie ndani na vyungu vikiungua. Asmahani akaanza kuiita mke mwenzake.

"Afadhali mke mwenza," alimcheka Mwanasiti, shoga yake wa nyumba ya pili. "Mke mwenza angekusaidia kutwanga."

"Na angekuwa na zamu," Asmahani akajibu. "Huyu hana zamu, kila siku ni yake."

Alicheka, lakini si kwa furaha. Zubeiri ndiye aliyekwenda kumposa kwa wazee wake, kwani baba wa Sadalla alikuwa ameshakufa. Zubeiri ndiye aliyembeba Sabiha siku ya arobaini. Sasa Sabiha alikuwa ameposwa na kijana wa Ngamiani, ameshawekwa ndani, anasuguliwa kwa liwa, na kila mwanamke aliyekuja na sahani yake ya mchele aliuliza neno lile lile kabla ya kuvua viatu: "Na baba mkubwa je, anakuja?" Asmahani alikuwa akisema atakuja. Lakini alijua kwamba Sabiha alikuwa anasikia kutoka chumbani, na usiku mtoto alimwuliza, "Mama, nani atakaa karibu na baba siku ya nikahi?"

Sadalla naye alikuwa na shauri lake. Pikipiki ilikuwa imeshawaka. Mlio wake wa kwanza uliwatoa kuku Makorora nzima. Akasema ataipaka rangi ya damu ya mzee, ing'ae, aipande mpaka Maramba mwenyewe, asimame mlangoni kwa Zubeiri. "Akiona inang'aa, akaisikia inavyonguruma, atajua minazi ya baba haikupotea."

"Panda basi, Baba Sabiha. Siku zimekwisha."

"Nikienda kwa basi nitakuwa nimekiri kuwa alisema kweli."

Akaikwangua kutu kwa tupa na msasa mpaka chuma kikawa cheupe. Tena, kabla ya rangi, akafanya jambo ambalo mtu wa bara asingelifikiria kamwe. Baba yao alikuwa mkalafati, kazi yake kuziba nyufa za vyombo na kuvipaka mafuta ya papa, na neno lake lilikuwa moja: kisichopakwa mafuta ya papa, bahari itakila. Sadalla alilikumbuka neno hilo, akaona kama baba mwenyewe anamnong'oneza. Akanunua debe la mafuta ya papa, akaipaka pikipiki tangu tangi mpaka masanduku, mikono miwili miwili. Juu yake akapiga rangi.

Ee Mola! Ile harufu. Ndani mwari anafukizwa udi, nje uani papa ananuka kama amekufa juzi. Mwanasiti, ambaye ndiye aliyekuwa somo wa Sabiha, alitoka chumbani kajiziba pua na upindo wa kanga.

"Shemeji Sadalla, bwana harusi atadhani kaoa soko la samaki!"

"Itakauka, shemeji. Ikikauka harufu inakwisha."

Haikukauka. Jua likaipiga, rangi ikalegea. Ilianza kuteremka kwa michirizi, ikajikunja chini ya tangi kama ngozi ya maziwa, ikadondoka sakafuni. Kila Sadalla alipogusa, dole lake lilizama. Akaifuta upande mmoja, akapaka tena, ikateleza tena. Asubuhi ya Jumatano Asmahani alimkuta amekaa chini, brashi mkononi, haitumii. Mwanamume mzima, fundi wa reli, macho yamekuwa mekundu.

"Siendi," alisema. "Nitakwenda na aibu hii? Arusi ifungwe bila yeye."

Nikahi ilikuwa Ijumaa. Asmahani alisimama kidogo, akasikiliza chumbani. Sabiha hakuwa anaimbiwa wakati ule. Palikuwa kimya, na kimya kile kilimkata kuliko kilio. Akaingia ndani akavaa buibui.

"Iwashe," alisema.

"Unakwenda wapi?"

"Maramba. Na wewe. Au unanipeleka, au naisukuma mwenyewe watu wanione."

Hakuwahi kuikalia hata siku moja. Alikuwa ameapa kwamba hataikalia. Sadalla alimwekea mto nyuma, naye Asmahani akakaa upande, miguu pamoja, mkono mmoja umeshika uso wa buibui na mwingine umeshika mkanda wa mumewe. Walipotoka mlangoni, wanaume waliokaa barazani waliacha kete, bao likasimama. Mmoja akasema, "Sadalla kampakia mkewe kama gunia la mkonge!" Asmahani alilisikia. Hakugeuza shingo. Alijua kwamba neno hilo litaishi Makorora kuliko yeye, na kweli liliishi.

Njia ya Maramba ilikuwa vumbi na makorongo. Walipita Amboni, wakapita mashamba ya mkonge yasiyokwisha, na vumbi lote lile likaifuata rangi mbichi likanata. Buibui nalo likanata. Kwenye kila shimo Asmahani alisoma Kulhuwallahu, na baina ya mashimo alikuwa akifikiri atamwambia nini shemeji yake. Sadalla aliendesha mabega yamemshuka. Lakini pikipiki ilipanda kilima cha mwisho bila kukohoa, na Asmahani, japo hakupenda, alihisi mgongo wa mumewe ukinyooka.

Walipofika, mke wa Zubeiri, Mwanamkasi, alikuwa anaanika mahindi. Alimwona Asmahani anashuka, ubavu wote kuanzia kiunoni mpaka kwenye vifundo umetapakaa wekundu mzito. Akatupa ungo.

"Damu! Yarabi, kavuja damu! Zubeiri, toka! Ndugu zako wameumia!"

Zubeiri alitoka mbio, pekupeku, msuli mkononi anaufunga njiani. Hakuuliza kiapo, hakuuliza minazi. Alimshika Sadalla mabega akamgeuza huku na huku, "Umeumia wapi? Mdogo wangu, wapi?" kisha akamgeukia Asmahani, akaona mikono yake mizima, akaona tangi. Akagusa kwa kidole. Akanusa.

Uso wake ulibadilika. "Hii rangi."

"Shikamoo, kaka," Sadalla alisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Mafuta ya papa chini ya rangi? Juu ya chuma? Mbao inakunywa mafuta, wewe; chuma kitayanywea wapi? Nani kakufundisha?"

"Baba alisema..."

"Baba alisema mbao!"

"Baba alikufundisha wewe," Sadalla alisema. "Mimi nilikuwa mtoto. Mimi nilikuwa nasikia tu mlangoni."

Zubeiri alibaki anasugua kidole chake kwa kidole. Ile harufu ilikuwa imejaa uwanja, na wote wawili walikuwa wanainusa, na kila mmoja anatazama upande wake.

"Shikamoo, shemeji," Asmahani alisema. "Ijumaa Sabiha anaolewa. Nimekuja kukuita kwa mguu wangu."

"Marahaba, mke wangu. Nimesikia. Lakini nimeapa, na chuma kingali kinalala kwenu."

Hapo Asmahani alisema neno ambalo hakushauriana juu yake na mtu. Lilimtoka lenyewe, labda kwa uchovu wa njia, labda kwa ile miaka mitatu ya sufuria zenye grisi.

"Basi leo kitalala kwako. Tunakiacha hapa. Kwetu hakuna chuma, na kiapo chako hujakivunja."

Mwanamkasi alipiga kigelegele. Zubeiri alimtazama mdogo wake, na Sadalla akamtazama mkewe. Hakuwa na hasira. Alimtazama kama mtu aliyesimama foleni siku nzima, kafika dirishani, likafungwa.

"Sawa," alisema.

Akaisukuma mpaka chini ya banda la mahindi, akafunga mfereji wa petroli kwa mkono wake, akafuta kiti kwa kofia yake. Walirudi na lori la ndizi. Njia nzima alikuwa amekaa na ule mto mapajani.

Ijumaa Zubeiri alifika mapema, kavaa kanzu, katanguliza mguu wa kulia kwenye kizingiti. Alikaa karibu na ndugu yake, nikahi ikasomwa, na Sabiha alipoambiwa kwamba baba mkubwa yupo alilia mpaka wanja ukachuruzika. Wanawake walikaa uani kwa mapana, wakapiga vigoma, wakacheza pale pale ilipokuwa imelala pikipiki. Sakafuni palikuwa na doa la damu ya mzee, kubwa kama sinia. Hakuna aliyelikanyaga, walizunguka tu, bila kuambiana.

Baada ya miezi kadhaa Zubeiri alituma salamu: ameiosha kwa magadi na majivu, ameipaka upya, sasa imekauka, Sadalla aje aitazame. Sadalla alisema, "Ikae." Asmahani alimsihi mara nyingi, naye alijibu hivyo hivyo, bila ukali. Alikuwa akirudi kazini, akila, akisali, kisha anatoka uani kwa mazoea, anasimama, mikono haina pa kwenda.

Asmahani alijaribu kulisugua lile doa, mwisho akaliacha. Jioni moja alimkuta Sadalla amesimama mbele ya doa. Aliingia jikoni, akatoka na sufuria ya pilau ya mama yake, akaiweka juu ya mafiga, tupu.

"Baba Sabiha," alisema, "leo humu sipiki. Kama una kitu cha kuchemsha."

Sadalla aliitazama sufuria, kisha akamtazama mkewe.

"Sina," alisema.