Alikimbia Vita

Ma Benigna hakuacha kamwe kufagia kijia kinachotoka mlangoni kwake, Ijuganyondo, hadi barabara kubwa. Hakuishia kwenye mpaka wa kibanja chake kama wengine. Alipita hadi kwenye migomba ya majirani, akiokota majani yaliyolowa, kwa sababu tairi la baiskeli huteleza juu yake. Alifanya hivyo kila asubuhi, awe na homa au asiwe nayo, ingawa nyumba yake haikuwa na baiskeli tena.

Baiskeli iliondoka na mumewe, Ta Protase, wakati wa vita vya Kagera. Hakuwa askari wala mgambo. Alikuwa mkulima wa kahawa mwenye magoti mabovu. Lakini watu wa mpakani walipoanza kumiminika mjini na magodoro kichwani, alifunga mto kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake, akaenda kuwapokea njia ya Kyaka. Aliwapandisha wazee na wajawazito, akawasukuma milimani, wengine akawafikisha kwa ndugu zao hadi Muleba. Hakuna aliyemtuma. Siku moja aliondoka kwenda kumchukua kikongwe aliyeachwa nyuma na wenzake, asirudi.

Ukoo wao ulikuwa na desturi: mtu aliyepotea bila mwili huzikwa kwa mgomba. Hukata shina, hulifunga sanda, huliweka kaburini, watu wakalia, wakanyoa, msiba ukaisha. Ma Benigna aliomba hilo tu. Rugaibula, kaka mkubwa wa Protase na mkuu wa ukoo, alikataa. Alikuwa amesikia uvumi kwamba mdogo wake alivuka mpaka na ana mke Masaka.

“Simziki mtu anayekula na kushiba ng’ambo,” alisema. “Siku serikali itakapomtaja kuwa alikufa kwa ajili ya watu, mgomba nitaukata kwa mkono wangu.”

Kwa hiyo ilipotangazwa kwamba taifa litawapa nishani raia waliojitolea wakati wa vita, na kwamba wajumbe watakuja kusikiliza ushahidi, Ma Benigna alianza kujizoeza Kiswahili. Alikuwa nacho kidogo, cha sokoni na cha kanisani. Mimi, mwalimu wa pale kijijini, nilipotaka kumsemea, alikataa. “Mume ni wangu,” aliniambia, “na kinywa kiwe changu.”

Tulikusanyika uwanjani. Rugaibula alikaa mbele na fimbo yake. Mjumbe, kijana mpole asiye wa mkoa wetu, alimwita.

“Ndugu Benigna, mumeo alifanya nini wakati wa vita?”

Alisimama wima. “Mume wangu alikimbia vita.”

Mjumbe aliinua kichwa. “Alikimbia vita?”

“Ndiyo, waitu!” alijibu, akitia neno la heshima la Kihaya. “Ndiyo! Wa kwanza! Wanaume wengine wamekaa, yeye amekimbia. Na baiskeli!”

Uwanja ulipasuka kwa kicheko. “Kwa baiskeli, hata risasi isingempata!” mtu mmoja alipaza sauti. Ma Benigna naye alitabasamu, akidhani wanasifu mbio za mumewe.

Alitaka kusema alikimbilia. Silabi moja ilibaki mdomoni, na bila hiyo mtu aliyekwenda kuokoa akawa mtoro.

Nilisimama nikaeleza. Mjumbe alisikiliza, kisha akauliza kama yupo yeyote aliyebebwa na Protase. Hakuwepo, wale walikuwa wamerudi kwao mpakani, au wamekufa.

“Wewe mwenyewe, Mwalimu, ulimwona?”

Nilikuwa chuoni wakati ule. Sikumwona.

Rugaibula aliinuka, akajikung’uta kanzu. “Basi, yamekwisha. Mke mwenyewe amesema.”

Njiani nilimweleza Ma Benigna kosa lilikuwa wapi. Aliinama akaokota jani la mgomba lililolowa njiani.

“Li,” alisema hatimaye. “Li tu?”

“Li tu, Ma.”

Nishani ilipokuja, kwetu aliipata Damian, aliyewachinjia wakimbizi ng’ombe wake, na alistahili. Ma Benigna alikwenda kumpongeza na mkungu wa ndizi. Lakini Kiswahili hakukisema tena, hata madukani Miembeni, walikokwisha kumpa jina la Mama Mbio. Akitaka chumvi aliinyooshea kidole.

Rugaibula alikufa bila kugeuza neno lake, na wanawe wakalishika. Nilikwenda mara mbili kuwasihi. Mara ya pili hawakunikaribisha hata kahawa ya kutafuna, nikajua mlango umefungwa.

Mapafu ya Ma Benigna yalianza kujaa maji msimu wa mvua za masika. Nilimkuta kitandani, amegeukia dirisha la nyuma, wanakozikwa watu wa nyumba ile, ambako Protase bado hakuwa na kaburi. Nilimnywesha mchuzi kidogo, nikamfuta mdomo. Nilipoinuka kuondoka alinishika mkono.

“Mnizike pembeni kidogo, mwanangu,” alisema kwa Kihaya. “Msiijaze nafasi yote.”