Shuka Lisilonukia

Kiwandani walimwita Mzee Tanuri, maana miaka ishirini alisimama mbele ya tanuri la kukaushia vitambaa. Mkewe, Mama Mwiko, alikuwa kwenye pipa la jirani. Alikoroga unga wa maganda ya kamba wa baharini na gundi ya mti mpaka vikayafunga mafuta ya mchaichai ndani ya vifuko visivyoonekana kwa macho. Vifuko hung'ang'ania uzi. Ukisugua shuka vinapasuka, harufu inatoka, mbu wanakimbia.

Mama Mwiko akafa. Pipa akapewa Maabara, kijana wa koti jeupe. Naye akapandisha moto wa tanuri, na mashuka yakatoka yananukia jengo zima.

"Unasikia hiyo, mzee? Mashuka ya mkeo yalikuwa hayanukii kabisa. Alikuwa anabahatisha tu, Mungu amsamehe."

"Rudia."

"Alibahatisha. Nimeandika hata kwenye ripoti."

Mzee akazima tanuri. Wafungaji wa marobota wakaacha kazi, wakasogea.

"Pua yako ya pambo. Shuka likinukia hapa, vifuko vimeshapasuka kwa moto. Umelitia tanuri manukato. Mnunuzi atalala na nini?"

"Usinifundishe kazi."

"Nikufundishe wapi? Kichwa chenyewe kimejaa wewe."

Mzee akafua shuka moja la Maabara kwenye beseni, akalianika dirishani. Likakauka huku wamenuniana. Maabara akalisugua, akanusa. Sabuni tupu.

"Hata la mkeo lingekuwa hivyo hivyo," akasema.

Mfukoni mwa mzee kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha marehemu, alichokichovya mkewe mwenyewe katika pipa lake. Kilishafuliwa mara nyingi. Tangu mazishi mzee hakukisugua. Kila msuguo unakula vifuko, na vikiisha ndiyo basi.

Akakitoa. Akakisugua chote, kwa hasira, chini ya pua ya Maabara, mpaka viganja vikawaka moto. Mchaichai ukapanda.

"Huyo ndiye Mama Mwiko," akasema mmoja wa wafungaji.

Maabara akakohoa. "Sugua tena, mzee, niwe na hakika."

"Kasugue koti lako. Na hiyo ripoti, futa. Hapa hapa, nikikuona."

Maabara akaitoa, akayakata kwa mstari maneno yaliyosema Mama Mwiko alibahatisha. Mzee akashusha moto, akawasha tanuri.

Jioni alirudi kwake na kitambaa mfukoni. Hakukinusa. Aliogopa kukuta sabuni tupu.