Ujiji Walipomtoa Mke Wangu

Mke wangu aliichezea timu ya kikapu ya wanawake ya Ujiji tangu kabla sijamwoa. Si mrefu. Akisimama na wenzake, mgeni angedhani kaja kuwashikia mabegi. Kazi yake ilikuwa kuutoa mpira nyuma, kuupandisha, na kumpa aliye mahali pazuri. Mtaani walitajwa waliofunga, yeye mara chache.

Alipojifungua mtoto wetu wa pili akarudi mazoezini, alikuta viongozi wana mipango mingine. Wapinzani wao, Bangwe, walikuwa na binti mrefu sana, wazazi wake walivuka ziwa kutoka Kongo zamani. Mpira ukimfikia chini ya kikapu, imekwisha. Ujiji wakamtaka. Bangwe wakasema, basi tupeni wawili. Wakapewa mke wangu na msichana mmoja aliyetoka tu kumaliza shule.

Hapa Kigoma kikapu hakina kelele kama soka, lakini habari hiyo ilifika mpaka Kibirizi ninakouza dagaa. Jirani yangu wa pale, mama mtu mzima ambaye binti zake wote wamepita kwenye mchezo huo, alitoa hukumu huku akigeuza dagaa juani.

"Bangwe wamepigwa," alisema. "Umetoa ng'ombe wa maziwa, umepokea kuku wawili."

"Shikamoo kwanza, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikasirike. Mkeo mtu mzuri, ila kikapu kiko juu."

Wachukuzi wakacheka. Nikacheka nao, lakini neno lile liliniingia.

Jioni nilimkuta mke wangu anasonga ugali wa muhogo. Akaniuliza bila kugeuka, "Kibirizi wanasemaje?"

"Wanasema Ujiji ndio waliopata."

"Na wewe, baba watoto?"

Ningeweza kumfurahisha, ila ananijua nikidanganya. "Yule binti ni hatari," nikasema.

"Ni hatari kweli. Nimecheza naye, najua. Lakini mpira utamfikiaje? Mwenye kuupeleka wamemtoa." Alisema hivyo kwa utulivu, akapakua.

Akaanza kwenda Bangwe kufanya mazoezi. Siku nilizofunga biashara mapema nilikwenda kumshikia mtoto, nikimsikia akiwafundisha wenzake kudunda bila kuutazama mpira. "Inua kichwa," alikuwa akimwambia yule msichana aliyehama naye. "Mpira hautakukimbia. Mtazame mwenzako."

Timu hizo mbili zilipokutana, yule mama wa Kibirizi alikuja, akakaa karibu nami pembeni ya uwanja. Mwanzoni Ujiji walitamba. Binti mrefu alifunga atakavyo, na jirani yangu akanigusa bega kana kwamba ananipa pole. Kisha mke wangu na yule msichana wakaanza kuwabana waliokuwa wakipandisha mpira wa Ujiji. Pasi zikapotea. Binti mrefu alibaki chini ya kikapu, mikono juu, akisubiri mpira usiokuja.

"Mbona hawampi?" mama akauliza.

"Aliyekuwa na kazi ya kuupeleka yuko Bangwe, mama."

Mama aliinama mbele akatazama, na tangu hapo kila mke wangu alipoushika mpira nilimwona akimfuata yeye kwa macho, si wafungaji. Bangwe walishinda. Si kwa mengi, lakini walishinda, na mke wangu alifunga vikapu vichache tu mechi nzima.

Walipopeana mikono, binti mrefu hakuuachia mkono wa mke wangu. "Dada," alisema, "leo nimesimama kama nguzo ya umeme. Ungekuwa kwetu ningefunga mpaka nichoke."

"Nawe ungekuwa kwetu ningekupa mpaka uchoke," mke wangu akamjibu, wakacheka wote wawili.

Msimu ulipokwisha Bangwe walikuwa juu ya Ujiji. Wapo bado wanaobisha pale sokoni, wanasema binti mrefu angali mdogo, mwacheni akomae, hesabu itageuka. Huenda. Siku hizi naulizwa sana nani alipata, maana wanajua niko ndani ya habari. Najibu Bangwe, na sijifanyi mwamuzi asiye na upande. Nikipita na mke wangu mtaani kwetu, wasichana wenye mipira mikononi humsimamisha yeye na kumwamkia shikamoo, mimi nikisubiri pembeni na mtoto mgongoni, nikiwa nimenyooka kama askari wa gwaride.