Breki Zilikuwa Nzima

Siku zile kila lori lililopinduka kati ya Muleba na Bukoba lilipinduka kwa sababu moja: breki zilikataa. Dereva hakukosea hata mara moja. Mimi niliwacheka wenzangu kwa maneno hayo, maana lori langu la chama cha ushirika nililikagua mwenyewe kila asubuhi, na tangu Uhuru nilikuwa sijakwaruza hata mgomba wa mtu. Nilivimba kichwa, sikatai. Na fundi wa gereji yetu, mtu mpole wa kanisani, alikuwa akifunga breki utadhani anamvisha mwanawe viatu.

Nilioa katika kijiji cha ujamaa kilicho juu ya mteremko mrefu, na kila msimu wa kahawa nilipakia magunia huko. Baba mkwe alikuwa mkamuaji hodari wa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Kwetu mwenyeji huonja kwanza, ndipo akukabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Ukikataa baada ya yeye kuonja, umemwambia mbele ya watu kwamba humwamini. Na baba mkwe ni mtu wa mwisho duniani wa kumfanyia hivyo.

Mchana ule magunia yalikuwa yamekwisha kupakiwa, na juu yake alikaa mkulima mmoja aliyekuwa anakwenda mjini. Nilimwona akipanda, nikanyamaza. Mzee akaja na kibuyu, akaonja.

"Tata, nina mteremko mbele," nilimwambia.

"Mteremko ulikuwapo kabla hujazaliwa. Kunywa, waitu, mtu wetu."

Watu walikuwa wanatazama. Nikanywa. Akajaza tena, nikanywa tena.

Kona ya chini niliiona vizuri kabisa. Nilichelewa tu kuijali. Lori lililala kwenye migomba, magunia yakapasuka, na yule mkulima akavunjika mguu.

Siku ya tatu mkutano wa kijiji uliitwa, trafiki na meneja wa ushirika wakiwapo. Wote walionipenda walikuwa wameshapanga la kusema. Meneja mwenyewe aliniinamia akaninong'oneza, "Sema breki, leseni yako ibaki." Fundi alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi. Breki zikiwa na kosa, anayefukuzwa kazi ni yeye, na alikuwa na watoto sita. Nililijua hilo. Hata hivyo niliposimama, na hili nalisema kwa aibu, neno breki lilikuwa tayari mdomoni.

Baba mkwe akanitangulia. Alikuwa mtu wa majivuno. Sikuwahi kumsikia akimwomba mtu radhi, hata mkewe.

"Breki zilikuwa nzima," alisema. "Mkwe wangu aliikataa pombe yangu, nikaona ananidharau mbele ya watu. Nikamlazimisha. Andikeni hivyo."

Mzee alibaki amesimama peke yake, mikono imelegea, na mimi nikaona jinsi nilivyo mdogo kando yake.

"Aliyemeza ni mimi," nikasema. "Mzee mwandikeni chini. Mimi niandikeni juu."

Leseni yangu ilichukuliwa kwa msimu mzima. Nililima shamba la yule mkulima mpaka mguu wake ukaunga, na alinituma kama mtoto. Nilistahili. Fundi aliendelea na kazi yake. Wapo waliosema mzee amemmaliza mkwewe kwa mdomo wake mwenyewe, na wengine wanasema hivyo hadi leo. Waseme. Nimeendesha malori miaka mingi baada ya pale, sijapindua jingine, lakini nikitaka kujisifu sianzi na malori. Naanza na kwamba nilioa kwa mtu yule.

Niliporudishiwa lori, kituo changu cha kwanza kilikuwa kijijini kwake. Niliegesha mbele ya ghala la kahawa. Mlangoni palikuwa na herufi za mkaa, kubwa, zimepinda huku na huku, za mtu aliyeanza elimu ya watu wazima juzi juzi: DEREVA HAPEWI HATA AKIWA MKWE.

Mzee alitoka ndani, vidole bado vyeusi, amebeba kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna. Watu walikuwa wanatazama. Akachukua punje moja, akaitafuna kwanza yeye, kisha akanikabidhi kikapu kwa mikono miwili.