Nyumba ya Nyigu Niliyoibomoa

Nakumbuka siku moja ya mwisho wa kiangazi, mwanangu, siku niliyobomoa nyumba ya nyigu mbele ya wanaume wa kijiji, na mama mkwe wangu akajifunika uso kwa khanga. Wapo hadi leo wanaosema nilikosea. Waache waseme. Mdomo ni jumba la maneno, na mimi sikuzaliwa kuyafungia ya watu.

Ilikuwa miaka ya sabini. Tulikuwa tumeshahamishiwa kwenye kijiji cha ujamaa, ng'ambo ya mto ukitokea Mpanda. Kiangazi mto ule unauvuka na kandambili zako miguuni. Mvua zikishika, hauvuki hata ukiwa na kibali cha serikali. Masika yaliyotangulia, jirani yangu Leokadia alishikwa na uchungu, tukambeba kwenye machela kumpeleka hospitali ya ng'ambo, tukafika ukingoni, tukasimama pale tunatazama maji. Alijifungulia kwenye nyasi. Mtoto hakulia. Tangu hapo kijiji kilikubaliana kujenga daraja la magogo kabla mvua hazijarudi.

Tulikuwa tumeazimwa na wilaya msumeno wa moto, ule wa injini wenye mnyororo na kamba ya kuvuta. Mume wangu Anselmi ndiye aliyefundishwa kuutumia, kwa hiyo ulitunzwa kwetu, umetundikwa kwenye ukuta wa chumba chetu. Petroli ilikuwa adimu, ukaning'inia pale miezi mingi. Nyigu wale wa udongo wakaiona ekzosi yake, wakajenga ndani, wakaliziba tundu lote la kutolea moshi kwa udongo mwekundu.

Sasa sikiliza vizuri. Katika ukoo wa mume wangu, nyigu akijenga chumbani kwa mwanamke asiyezaa, mimba iko njiani. Nyumba yake haibomolewi. Ikibomolewa, mtoto anapotea njia. Na mimi nilikuwa nimekaa kwenye ndoa muda mrefu bila kuitwa mama. Mama mkwe alipouona ule udongo alipiga vigelegele, akaanza kuniletea maziwa na kunikataza kubeba ndoo. Nami nilifurahi, sikudanganyi. Nilikuwa nikilala ninautazama mpaka usingizi unanichukua.

Petroli ilipopatikana, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Anselmi akaushusha msumeno kwa uangalifu, akaupeleka uani, akavuta kamba. Ukakohoa mara moja, ukanyamaza. Akavuta mpaka bega likamuuma. Kimya.

Hapo ndipo ulipoanza mchezo ambao nikiukumbuka nacheka na kukasirika kwa pamoja. Walifungua plagi, wakaisugua kwa msasa, wakaijaribu. Cheche ikaruka vizuri kabisa. Wakamwaga petroli, wakachanganya nyingine na oili. Wakatoa chujio la hewa, wakalikung'uta. Fundi akaletwa kwa baiskeli kutoka Makanyagio, akafungua kabureta na kupuliza vitundu vyake vyote. Halafu wakairudia plagi. Plagi ile ilisafishwa mpaka ikang'aa kuliko sufuria za masista. Na tundu la ekzosi, limejaa udongo, linawatazama usoni.

Mwenye macho haambiwi tazama. Walijua. Hata mimi nilijua, maana nimekulia kwenye mashamba ya tumbaku. Bani, lile banda la kukaushia tumbaku, likiziba bomba la moshi, moto unajifia wenyewe hata uupe kuni za namna gani. Anselmi alijua na fundi alijua. Lakini kila mkono ulipofika pale uliruka ukaenda kwingine. Nani alitaka kuitwa mtu aliyempoteza mtoto wa Anselmi? Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, analinda.

Jioni mwenyekiti wa kijiji alitangaza kwamba lori la wilaya litapita kesho, na msumeno usiowaka utapelekwa kwa wengine. Watu wakaanza kunong'ona neno hujuma, na miaka ile neno hilo lilikuwa zito. Mume wangu hakula.

Asubuhi wakajikusanya tena uani kwetu, na fundi, usiamini, akashika plagi. Leokadia naye alikuja. Alikuwa mjamzito tena. Alikaa chini, akaweka mkono tumboni. Nilimtazama, na moyo wangu ukageuka palepale. Mimba yangu ilikuwa ya udongo. Yake ilikuwa inapiga teke.

Nikachukua spoku ya baiskeli kwenye mfuko wa fundi, nikapiga magoti mbele ya msumeno.

"Skola," mama mkwe aliniita, na sauti yake haikuwa ya hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Huyo ni mwanao."

"Mama," nikamjibu, "kama ni wangu, njia ataijua. Wa Leokadia njia yake ni daraja."

Nikaanza kuchokonoa. Udongo ulitoka vipande vipande, pamoja na buibui wakavu na vifunza vyeupe. Mikono ilinitetemeka na machozi yalinitoka, na sikuacha mpaka tundu likawa wazi. Nikamsukumia Anselmi msumeno avute kamba. Alisimama tu. Nikasema moyoni liwalo na liwe, nikaukanyaga mshikio kwa mguu nilivyozoea kumwona akifanya, nikavuta mwenyewe. Ukakohoa. Nikavuta tena, ukanguruma, ukanitemea vumbi na moshi usoni. Hakuna aliyeshangilia. Anselmi akaupokea, akanifuta uso kwa kiganja chake, wakaenda porini.

Daraja lilikamilika mvua za kwanza zikianza kudondoka. Leokadia alivuka juu yake amekaa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, akajifungulia hospitali ya misheni, na yule binti sasa ana wajukuu. Mama mkwe hakula tena chakula nilichopika, mpaka tulipomzika. Na mimi sikuzaa, mwanangu. Niliishi na Anselmi mpaka nikamzika, na sikuzaa. Wanaosema wanasema, unaona? Ni kwa sababu ya nyigu wale. Nami nawajibu: nileteeni nyigu wengine leo, nitaibomoa nyumba yao tena.

Basi shika hili. Kitu kikigoma kuwaka, iwe injini, iwe nyumba yako, iwe kijiji chenu, usijifiche kwenye kusafisha kilicho safi tayari. Anzia pale ambapo wote mnapaona na hakuna anayetaka kupagusa. Mila iheshimu, wakubwa wako waheshimu; mimi nilimzika mama mkwe wangu kwa mikono hii na nilimlilia kweli. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye, na heshima inayomwacha mwanamke ajifungulie kwenye nyasi usiipigie magoti, hata kama anayeidai ni mtu umpendaye. Utalipia, usije ukasema sikukwambia. Wewe lipia, na usiombe radhi.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na ukitetemeka, asikuruhusu kuacha kazi. Akupe watoto, na asipokupa, akupe watu. Nyie nyote mliovushwa lile daraja mkiwa tumboni nawaita wanangu, na hakuna aliyezaliwa wa kuninyang'anya neno hilo.