Siku Tatu za Kumlilia Mtu Aliye Hai

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nikiikumbuka, hadi leo mwili unanisisimka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimeketi Mahakama Kuu, namtazama kaka yangu Ambakisye kizimbani. Walikuwa wamegombania mpaka wa shamba la kahawa na jirani yetu kule kijijini kwetu Ruanda, kaka akampiga kwa mpini wa jembe, jirani akafa. Jaji alisoma kwa muda mrefu, kisha akasema, "Sheria hainipi adhabu nyingine. Utanyongwa mpaka ufe."

Masikio yangu yakaziba. Nikatoka mbio, nikadandia gari la kwanza la kwenda Vwawa, mji ulio karibu na kijiji chetu. Ulimi hauna mfupa, mwanangu. Nilipofika nyumbani nikamwambia mama, "Wamemnyonga kaka."

Mama alikuwa akipukuchua mahindi. Mikono ikaanza kumtetemeka, punje zikamwagika. Majirani wakajaa, wanakwaya wakaimba nyimbo za msiba. Siku tatu tulikaa matanga bila maiti. Hakuna aliyeuliza, maana mimi ndiye niliyekuwepo, nani angenibishia?

Siku ya nne akaja mzee Nzunda, askari magereza mstaafu. Hakutoa hata pole.

"Baada ya kutaja kunyongwa, jaji alisema nini?"

"Sijui, baba. Nilitoka."

"Ulitoka!" Alinitazama hadi nikainamisha kichwa. "Kila jaji humalizia kwa kumwambia mtu ana haki ya kukata rufaa. Mnamlilia mtu ambaye sasa hivi anakula ugali gerezani!"

Mama alinigeukia. Sijawahi kuona macho kama yale.

Mzee akatufafanulia polepole. Mfungwa ana siku thelathini za kutoa taarifa ya rufaa, na askari magereza humsaidia kuiandika. Wakili anawekewa na serikali asipokuwa na wake. Majaji watatu wa Mahakama ya Rufani hupitia upya ushahidi wote. Wakikataa, kwa sababu chache sana wanaweza kuombwa marejeo, yaani waiangalie tena hukumu yao wenyewe, na Rais huombwa huruma. "Na hanyongwi mtu," akasema, "mpaka Rais atie saini."

Kesho yake tukaenda gerezani. Kaka alikuwa ameshaweka dole gumba kwenye taarifa yake. Mama alipenyeza vidole kwenye wavu, akampapasa shingo, akampapasa tena.

Tulingoja karibu miaka miwili. Majaji wakaona ulikuwa ugomvi wa ghafla, kaka hakukusudia kuua. Kitanzi kikaondolewa, akafungwa miaka kumi. Akaitumikia, akarudi. Jirani yetu hakurudi, na mjane wake tunapishana naye kanisani mpaka leo; sikuhadithii haya kama ushindi. Na mikono ya mama haikuacha kutetemeka hadi tulipomzika. Ile haikuwa kazi ya jaji. Ilikuwa yangu.

Basi sikia, mwanangu. Habari ikikushtua, kaa uisikilize mpaka mwisho, hata kama miguu inataka kukimbia. Usichokisikia usikipeleke kwa mzazi wako. Kuuliza si ujinga: ukipata ndugu mwenye kesi, uliza amepewa siku ngapi, uliza karatasi iko wapi, kisha ndipo ulie, kama bado kuna cha kulilia.

Mungu akutulize moyo siku ya mshtuko, na aulinde mlango wako usisikie kilio kilicholetwa na mdomo wako mwenyewe.